Otomatiki ya Bei Nafuu kwa Siku Yako ya Kwanza Uwanjani: Mwongozo kwa Dereva wa Bunia

Bunia hakuna uwanja wa mbio za magari, na asikudanganye mtu kwamba Boulevard de Libération alfajiri, kabla motari hawajajaa, ni uwanja. Ni njia ya watu: mama wa mikate, walinzi wanaotoka zamu, watoto wanaowahi shule. Ukitaka kukanyaga mafuta mpaka mwisho na kufunga breki kwa nguvu zako zote bila kuhatarisha mtoto wa mwenzio, itakubidi uvuke mpaka. Pa karibu ni Uganda. Kaskazini mwa Kampala, kwenye barabara ya Gayaza–Ziroobwe, uko uwanja wa Busiika, ambako mbio za pikipiki na za magari zimefanyika miaka mingi chini ya shirikisho lao, FMU. Mwenye uwezo zaidi husonga hadi Nairobi. Jamhuri Park na Kasarani zimewahi kupokea otokrosi, na shirikisho la Kenya, KMSF, hupanga magari kwa madaraja, likiwemo la magari yanayosukumwa na magurudumu mawili, yasiyo na turbo. Hilo ndilo daraja lako.

Kote huko jiandae kukutana na udongo. Tarehe 13 Desemba 2024, Rais Paul Kagame alitangaza Kigali kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio za Formula 1, ambazo Afrika iliziona mara ya mwisho Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Wakifaulu, majirani zetu watakuwa na lami ya kiwango cha dunia, nasi tutaandika mwongozo mwingine. Kwa sasa ninachukulia kwamba utacheza kwenye udongo wa marram, ukiwa mgeni wa mchezo, kwa gari lilelile unaloendea sokoni na kanisani siku nyingine zote.

Hapo penye "gari lilelile" ndipo penye kazi. Hutakuwa na lori la kulibeba. Gari litatoka Bunia, lipite Iga-Barrière na Djugu hadi Mahagi, takriban kilomita 180 za vumbi au tope kulingana na msimu. Litavuka Goli, lipite Nebbi na daraja la Nile pale Pakwach, lishuke hadi Kampala, likimbizwe siku nzima, halafu likurudishe nyumbani kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo ukisimama mbele ya gari la kuuzwa, swali la nguvu ya injini liweke pembeni kwanza. Jiulize: likishakimbizwa Jumamosi, Jumatatu litafika Bunia?

Watu watakucheka kuhusu otomatiki. Watakuambia mbio ni za vitesi vya mkono, na kwamba otomatiki ni ya wazee. Wakumbushe Safari Rally ya 1979. Mshindi alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiendesha Datsun 160J. Wa pili alikuwa Hannu Mikkola wa Finland katika Mercedes-Benz 450 SLC 5.0, gari kubwa la injini ya V8 lenye giaboksi ya otomatiki. Mwishoni mwa mwaka huohuo Mikkola alishinda Rally ya Bandama kule Ivory Coast kwa aina hiyohiyo ya gari. Maelfu ya kilomita za vumbi, mawe na mito, na giaboksi ya kujibadilisha yenyewe ilivumilia. Ni kweli kwamba Mercedes walikuwa na mafundi na vipuri kila walipopita, jambo ambalo wewe huna. Lakini ubishi wa "otomatiki haiwezi" umekwisha tangu wakati huo.

Sababu ya pili ni ya soko. Magari mengi yanayotufikia yametumika Japani, yakashushwa Mombasa au Dar es Salaam, yakapitia Kampala, yakaingia Ituri kwa Mahagi au Aru. Wajapani wenyewe hununua otomatiki, basi na sisi tunapata otomatiki. Ukisisitiza giaboksi ya mkono utalipa zaidi kwa gari lililochoka zaidi.

Joto

Elewa kwanza kinachoiua otomatiki, kwa sababu ukikielewa hicho nusu ya uchaguzi imekwisha.

Kwenye gari la mkono, klachi hushika injini na giaboksi pamoja, moja kwa moja. Kwenye otomatiki ya kawaida katikati kuna konveta: injini inazungusha mafuta, mafuta yanazungusha giaboksi. Kila ukikanyaga kwa nguvu ukiwa mwendo mdogo, mafuta hayo yanasuguana na kupata joto. Barabarani haidhuru, maana ukishashika mwendo konveta hujifunga na joto hupungua. Uwanjani hushiki mwendo. Ni kona, kukanyaga, breki, kona, kukanyaga tena. Konveta haipati nafasi ya kujifunga, na mafuta yanazidi kuchemka mzunguko baada ya mzunguko. Yakipita nyuzi 120 yanaanza kuungua: yanapoteza rangi nyekundu, yananuka kama ugali ulioshika chini ya sufuria, na klachi ndogo za ndani zinaanza kuteleza. Kuteleza kunazaa joto zaidi. Kuanzia hapo ni mteremko.

Sasa, otomatiki si moja. Kwa bajeti yetu utakutana na aina mbili.

Ya kwanza ni ile ya zamani, ya gia nne zenye meno na konveta. Ni nzito kidogo, hainyonyi mafuta kwa ubahili kama magari mapya, na kila fundi wa otomatiki kati ya hapa na Kampala ameshaifungua. Ya pili ni CVT, ambayo haina gia bali mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Mjini CVT ni tamu, injini haipigi kelele na mafuta yanakaa. Uwanjani ni mgonjwa. Mkanda ukibanwa na kuachiwa kwa nguvu mfululizo hupata joto haraka, kompyuta ya gari inaona hatari na kukunyima nguvu katikati ya kona, na ukiendelea kulazimisha unakwangua puli. Isitoshe inataka mafuta yake maalum. Ukiimwagia mafuta ya otomatiki ya kawaida, kosa linaloweza kutokea katika garaji yoyote yenye haraka, umeinunulia jeneza.

Ushauri wangu ni mkali na sitaulegeza: kwa mwanzo, usiguse CVT. Kuna watakaokuonyesha watu waliocheza na CVT wakarudi salama. Wapo. Hao hawana kilomita mia kadhaa za kurudi Bunia.

Utazijuaje? Angalia mwaka na modeli, kisha endesha. Otomatiki ya gia nne unaisikia ikibadilika: mshale wa mizunguko ya injini unapanda, unashuka kwa ghafla, unapanda tena. CVT unapokanyaga, mshale hupanda na kubaki palepale huku gari likifuata nyuma polepole, na sauti ni moja kama ya mashine ya kusaga.

Magari yenyewe

Gari ninaloliweka mbele ni Toyota Ist ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007. Chukua ya injini ya 1.5, ile 1NZ-FE yenye nguvu ya farasi 109, ukiikosa hata ya 1.3 yenye 87 itakufundisha. Giaboksi ni ya gia nne. Uzito ni kama tani moja tu, na wepesi huo unasaidia breki, tairi na giaboksi kwa mpigo mmoja. Injini inatumia cheni badala ya mkanda, kwa hiyo huna tarehe ya kuhofia. Vipuri viko kila duka. Gari hilohilo ni teksi katika miji mingi ya Kongo, na gari la teksi lina sifa moja kubwa: ukitaka kuliuza, mnunuzi hakosi.

Angalia mwaka kwa makini. Ist ya kizazi cha pili, kuanzia 2007, ile ya 1.5 ina CVT. Muuzaji atakuambia ni ileile ila mpya zaidi, wala hatakuwa anadanganya kwa nia mbaya. Huenda hajui. Mtego huohuo uko kwenye Corolla Fielder: ile ya umbo la zamani, NZE121, ni gia nne, na iliyofuata kuanzia 2006 ikiwa na injini ileile ya 1.5 ni CVT. Vitz nyingi za 1.3 za kuanzia 2005 nazo ni CVT. Honda Fit ya kwanza, ambayo bei yake hushawishi, ni CVT pia na huwa na mtetemo wake wakati wa kuondoka, basi ipite tu.

Kama una familia na Ist ni ndogo kwako, Fielder NZE121 ni gari la heshima. Ni refu zaidi, kwa hiyo mkia wake kwenye udongo huteleza taratibu na kukupa muda wa kusahihisha, na nyuma unalala ndani yake ukikosa chumba karibu na Busiika. Nissan March ya umbo la K12 yenye gia nne nayo ni chaguo, nyepesi na rahisi, ila kwetu vipuri vya Nissan si rahisi kama vya Toyota.

Subaru Impreza ya 1.5, magurudumu yote manne, itakuvutia kwa sababu ya jina na ya udongo wenyewe. Inashika vizuri, sikatai. Lakini inakutoa kwenye daraja la magurudumu mawili, inakula mafuta, na inadai tairi nne zinazolingana kabisa. Ukiweka mbili mpya na mbili zilizoisha, mfumo wa kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma unahangaika wakati wote na kuharibika. Mtu wa Bunia anayenunua tairi mojamoja kadiri fedha inavyopatikana asijitie hapo.

Halafu kuna ndoto. Toyota Mark X ya 2004 hadi 2009, injini ya V6 ya lita 2.5, farasi 215, gia sita, nguvu inakwenda nyuma. Toyota Altezza AS200, lita 2.0, farasi 160, gia nne za otomatiki, nayo ya kusukuma nyuma. Ni magari mazuri, na mtu akikuambia Altezza ni tamu kwenye kona ana haki. Kwa mgeni wa mchezo tatizo lake ni uzito na gharama. Mark X ina kama tani moja na nusu, na kila kilo ya ziada unailipa kwa pedi za breki na tairi. Giaboksi yake haina kijiti cha kupimia mafuta, hivyo huwezi kuichungulia mwenyewe pembeni ya uwanja. Injini yake hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na mafuta machafu ya chupa za barabarani haiyapendi hata kidogo. Altezza AS200 ina mkanda wa injini, na ukinunua bila kujua ulibadilishwa lini, badilisha siku hiyohiyo.

Kuhusu nguvu, kumbuka pia kwamba tunaishi juu. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi kila mita 1,000. Zile 109 za Ist ukiwa hapa zinakaribia 96. Nairobi, ambayo iko juu zaidi, zinashuka tena. Haidhuru, wenzako wa daraja lako wanavuta hewa hiyohiyo.

Usukani wa kulia usikutie wasiwasi. Hapa Kongo tunaendesha kulia, na kulipita lori ukiwa umekaa kulia ni kubahatisha mpaka abiria akuchungulilie. Ukishavuka Goli unahamia kushoto na gari linakuwa kwao. Uwanjani hakuna anayekuja mbele yako, kwa hiyo upande wa usukani haubadilishi kitu.

Siku ya kununua

Nenda asubuhi na mapema, na mpigie muuzaji umwombe asiwashe gari kabla hujafika. Otomatiki mgonjwa hujificha akishapata joto kidogo, na gari ukilikuta linanguruma tayari, shika boneti kwa kiganja na umuulize kwa nini.

"Papa, hii iko muzuri, bwati ni ya Japon yenyewe," atakuambia, akimaanisha giaboksi. Mwitikie kwa heshima na uendelee na kazi yako.

Washa, acha itulie, kanyaga breki. Toa P, weka R. Unapaswa kuhisi gari likishika mara moja, bila kishindo na bila kusubiri. Rudi N, kisha D. Ukihesabu moja, mbili, halijashika, ahirisha biashara. Endesha dakika kama ishirini ili mafuta yapate moto. Rudi mahali pa usawa, pitisha mkono wa gia kila hatua, uache P injini ikiwa inawaka, kisha vuta kijiti cha mafuta ya giaboksi. Kifute kwa kitambaa cheupe, kichovye tena, angalia. Wekundu au wekundu uliofifia ni sawa. Kahawia na harufu ya kuungua ni hapana. Rangi ya chai ya maziwa maana yake maji ya radieta yameingia ndani, na hapo usibishane bei, ondoka.

Jihadhari na mafuta mekundu mno, safi kama ya jana. Huenda yamebadilishwa jana kweli, kwa kukuficha. Uliza yalibadilishwa wapi, na ikiwezekana lipa fundi ashushe sinia la giaboksi mbele yako. Ndani mna sumaku ndogo. Ikiwa zimevaa tope la kijivu laini kama masizi, huo ni uchakavu wa kawaida. Ukipapasa ukakuta vipande vya chuma vinavyochoma kidole, giaboksi hiyo imeshaanza kujila. Gharama ya kushusha sinia ni ndogo mno ukilinganisha na giaboksi nzima.

Jaribio lililo bora kuliko yote tunalo hapahapa, kama barabara iko shwari siku hiyo. Chukua njia ya Bogoro, ushuke ukingo wa bonde kuelekea Kasenyi, ziwani. Ziwa Albert liko kama mita 620 juu ya usawa wa bahari, yaani karibu nusu ya kimo cha Bunia. Kushuka weka 2 au L na sikiliza kama gari linajizuia lenyewe, kwa sababu otomatiki isiyozuia itakumalizia breki uwanjani. Kupanda ndiko kwenye ukweli. Kanyaga kwa utulivu mpaka juu, ukisikiliza kama injini inapandisha mizunguko bila gari kuongeza mwendo. Huko ndiko kuteleza. Ukifika juu simama, acha injini itulie, weka R kisha D tena. Giaboksi iliyoshika vizuri ikiwa baridi na sasa inasita, umeshaijua kabla ya kulipa. Usitoke bila kuuliza hali ya njia. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na hakuna jaribio la gari linalostahili kukukutanisha na watu wenye silaha.

Kuhusu fedha nina kanuni yangu moja: theluthi ya bajeti isitumike kununua gari. Mwenye dola elfu tatu anunue gari la elfu mbili. Inayobaki ni ya mafuta, breki, tairi na karatasi, na itaisha, niamini.

Kabla ya kuvuka Goli

Anza na mafuta ya giaboksi. Kwa Ist na Fielder za zamani ni Toyota Type T-IV au yanayolingana nayo. Shusha sinia, safisha sumaku, badilisha chujio na gasketi, jaza upya. Kisha funga kipoza mafuta cha nje, kile kiradieta kidogo kinachokaa mbele ya radieta kubwa. Cha mtumba kutoka gari jingine kinafaa kama hakijaziba wala kukwaruzwa, na mipira yake iwe mipya, ya kuhimili mafuta moto, si ya maji. Kama utafanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hilo.

La pili ni bamba la chuma chini. Sinia la giaboksi ya Ist linaning'inia karibu na ardhi, na jiwe moja la marram likilipasua, mafuta yote yanamwagika ndani ya dakika chache huku wewe ukishangaa mbona gari halivuti. Fundi wa kuchomea anaweza kukutengenezea bamba la milimita tatu kwa nusu siku. Mwambie aache matundu ya kupitisha hewa na tundu la kufungulia mafuta, la sivyo kila sevisi utalifungua lote.

Breki zinafuata, na kwenye otomatiki zinafanya kazi zaidi kwa sababu injini haikuzuii sana. Badilisha mafuta ya breki yote, weka DOT 4. Yakiwa mapya huchemka nyuzi 230, na DOT 3 huchemka nyuzi 205. Lakini mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na DOT 4 iliyokwisha kunywa hushuka hadi kama 155. Yakichemka, pedali inazama mpaka sakafuni na hakuna kitu chini. Kwa hiyo chupa iliyofunguliwa mwaka jana na kuwekwa rafuni usiitumie hata ukipewa bure. Pedi za mbele ziwe mpya na zenye jina linalojulikana. Nyuma Ist ina ngoma, wewe hakikisha tu hazivuji.

Tairi: soma tarakimu nne ubavuni. 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Mtumba wa Ulaya wenye michirizi mirefu huweza kuwa na miaka kumi na ugumu wa ubao, na ugumu huo hauonekani kwa macho. Bora tairi za bei ya kati zilizotengenezwa karibuni. Anza na upepo ulioandikwa mlangoni, pima tena baada ya kila zamu.

Machujio ya hewa beba mawili, maana vumbi la marram ni jembamba na linaziba haraka. Toa kila kitu ndani: jeki, chupa, mikeka ya miguuni, picha ya Bikira iliyoning'inia kwenye kioo. Betri ifungwe isitikisike, ndoano ya kuvutia iwe imefungwa, mikanda ishike. Wakaguzi wa uwanja huangalia mambo hayo, nao hufurahi kukuta mgeni ameyafanya bila kuambiwa. Kofia ngumu iwe ya kweli, si ile ya motari inayoruka kwa upepo.

Upande wa karatasi, COMESA ina bima ya Kadi ya Njano inayokufunika kwa madhara unayowafanyia wengine barabarani nje ya Kongo, na Uganda na Kenya zimo. Ichukue kwa kampuni yako ya bima kabla ya kutoka. Ila isome: bima ya barabarani kwa kawaida haigusi kinachotokea ndani ya uwanja. Gari la namba ya Kongo litahitaji kibali cha muda upande wa Uganda, na nakala za karatasi zako ziwe zaidi ya moja, kila kizuizi kina mkono wake. Kongo imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini usitarajie jambo hilo likupunguzie foleni Goli.

Uwanjani

Pigia klabu mapema, ueleze kwamba ni mara yako ya kwanza na gari ni la kawaida, uulize siku za mazoezi. Siku ya mazoezi ni bora kwako kuliko siku ya mashindano. Hakuna kombe, unaingia kwa zamu, na wenyeji wana muda wa kukuonyesha njia.

Ukiingia, sahau D. Bonyeza kitufe cha O/D kuizima gia ya nne, na kwenye sehemu za kona nyingi weka 2 kabisa. Ukiiacha D, giaboksi itapanda gia kila unapolegeza mguu kuingia kona, na utakapokanyaga kutoka, itahangaika kushuka tena, ikikuchelewesha na kujichemsha. Ukiwa 2 gia inakusubiri. Usishushe mkono hadi L ukiwa mwendo mkali, na usikanyage mafuta na breki kwa pamoja kama unavyoona kwenye video. Kwa konveta huko ni kuwasha jiko.

Funga breki mapema, gari likiwa limenyooka, kisha geuza, kisha kanyaga. Kwenye udongo gari linalovutwa na magurudumu ya mbele likizidishiwa mwendo halitaki kugeuka. Linakwenda mbele tu hata usukani uwe umeuvunja. Tiba ni kulegeza mguu kidogo na kusubiri mbele ishike. Kuongeza usukani hakusaidii.

Mizunguko mitatu au minne inatosha kwa zamu moja. Wa mwisho nenda taratibu, breki zikipigwa na upepo. Ukitoka usivute handibreki, ngoma za moto huganda. Weka P mahali pa usawa na jiwe nyuma ya tairi. Acha injini iwake dakika chache mafuta yapite kwenye kipoza, kisha vuta kijiti. Yakiwa yamepanda juu ya alama na kutoa povu, au yakinuka, siku yako imekwisha hata kama umelipia hadi jioni. Wenzako wa Kampala wataenda nyumbani kwa bodaboda gari likifa. Wewe una Pakwach mbele yako.

Kesho yake kabla ya safari lala chini na tochi, angalia kama bamba limebonyea hadi kugusa sinia, kama mipira ya kipoza inatoka jasho, kama tairi zimekatika ubavuni kwa ndani. Bunia badilisha mafuta ya giaboksi tena, hata kama yanaonekana mazima, na andika tarehe kwa kalamu ya rangi juu ya chasisi karibu na kijiti.

Baada ya msimu mmoja au miwili, Ist ikianza kuwa ndogo kwako, yaani unamaliza kila kona ukiwa na mguu sakafuni na unatamani zaidi, hapo tafuta Altezza. Toa kipoza na bamba, rudisha mikeka, iuze Ist kwa mtu wa teksi, na umwambie wazi ilikokwenda. Kitabu chako cha sevisi kitamtuliza kuliko maneno, kwa sababu ni teksi chache sana zilizowahi kubadilishiwa mafuta ya giaboksi mara nyingi hivyo.